Chombo Kikiharibika Ziwani: Tengeneza Urudi, Ukifika Useme

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashushwa taratibu. Sauti ya makasia na maji.)

MTANGAZAJI: Uwe Lusenda, Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu au Nduta, sogea karibu na redio. Na kama mnasoma kipindi hiki kwenye karatasi mkiwa kikundi, msomaji asome polepole. Mtu yeyote anaruhusiwa kumsimamisha na kuuliza.

Leo tunazungumza na wavuvi, na pia na wanaowasubiri wavuvi nyumbani. Wengi wenu mlizaliwa kando ya maji. Kuna waliotoka Uvira, Baraka na Fizi, kuna waliotoka Rumonge na Nyanza-Lac. Wengine hamkuwa wavuvi kabisa, lakini mlipofika ugenini mkaona kwamba ziwa lililo karibu ndilo linalotoa kibarua. Wakimbizi wa Nakivale wana Ziwa Nakivale. Wakimbizi wa Kyangwali wana Ziwa Albert upande wa magharibi. Walioko Lusenda wako jirani na Ziwa Tanganyika.

Walioko Nyarugusu na Nduta wako mbali na ziwa, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Kipindi hiki hakimwambii mtu yeyote atoke bila kibali, wala avue bila leseni mahali leseni inapotakiwa. Lakini nanyi sikilizeni. Kuna siku mtu atarudi kwenye maji yake, na mambo haya atayahitaji.

Swali la leo ni hili: mkiwa katikati ya ziwa, usiku, na kitu kikaharibika, mtafanya nini? Ubao umeachia na maji yanaingia. Kasia limevunjika. Mashine imezima. Taa imekufa. Wavu umechanika. Duka halipo, fundi hayupo, na vifaa mlivyo navyo ni vile mlivyobeba.

Kabla hatujaingia kwenye ufundi, shika kanuni moja ambayo tutairudia mpaka mwisho. Matengenezo ya majini yana kazi moja tu, nayo ni kukurudisha nchi kavu. Hayakuongezei saa za kuvua. Kiraka ulichokiweka gizani kwa kitambaa na sabuni si ruhusa ya kutupa wavu tena. Ni ruhusa ya kugeuza mtumbwi kuelekea mwalo. Na ukifika, mwambie mwenye mtumbwi na wenzako kwamba kuna kitu kimeharibika na mmekitengeneza kwa namna gani.

(Muziki mfupi.)

Sehemu ya kwanza: Mkebe wa matengenezo

MTANGAZAJI: Matengenezo ya majini huanzia nyumbani. Tafuta ndoo yenye mfuniko au dumu la zamani lililokatwa juu, kisha uweke humo vitu hivi. Vingi vyake havinunuliwi.

Kwanza kisu chenye makali, kiwe na kamba ya kukifungia mahali ambapo mkono unafika gizani. Pili, vipande virefu vya mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili. Tatu, kamba nyembamba na uzi wa nailoni pamoja na sindano ya kushonea nyavu. Nne, vitambaa vya pamba na mafuta mazito kidogo, yaani grisi au mawese. Tano, kipande cha sabuni ya mche. Sita, kipande chakavu cha turubai, ukubwa wa mikono miwili iliyokunjuliwa. Saba, tochi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na simu iwekwe hivyo hivyo. Kama mna mashine, ongeza plagi moja nzima, spana yake, na pini ya propela.

Nje ya mkebe huo, kila mtumbwi uwe na makasia hata kama una mashine, uwe na kopo kubwa la kutolea maji lililofungwa kwa kamba lisichukuliwe na wimbi, na uwe na madumu matupu yaliyofungwa mfuniko kwa nguvu. Hayo madumu yafunge chini ya mabenchi. Dumu tupu la lita 20 likizamishwa hubeba uzito wa karibu kilo 20. Mtumbwi ukijaa maji, madumu manne au matano yatausaidia usishuke. Mtu akianguka majini, dumu moja linatosha kumweka kichwa juu ya maji. Jaketi la kuokoa maisha ni bora kuliko dumu. Ukiwa nalo livae, usilikalie.

Kitu cha mwisho cha nyumbani hakiwekwi kwenye mkebe. Mwambie mtu mmoja anayebaki mnakwenda upande gani, mko wangapi, na mnarudi saa ngapi. Mtu huyo ajue pia nani wa kumwambia mwaloni kama saa imepita na hamjaonekana.

(Sauti ya maji yakigonga mbao.)

Sehemu ya pili: Kabla hujagusa kilichoharibika

MTANGAZAJI: Kitu kikivunjika, watu husimama wote kwa wakati mmoja na kukimbilia mahali palipovunjika. Hapo ndipo mtumbwi hupinduka. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuketi. Mmoja aseme, wengine wasikilize. Hesabuni watu.

Jambo la pili ni kuuelekeza mtumbwi. Chombo kisicho na nguvu ya mashine wala makasia hugeuka ubavu, na mawimbi yanayopiga ubavuni ndiyo yanayojaza maji. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika karibu mita 1,470, kwa hiyo mbali na pwani yake nanga haifiki chini. Badala ya nanga, funga ndoo imara au gunia lenye mdomo wazi kwenye kamba ndefu, kamba uifunge mbele ya mtumbwi, kisha utupe ndoo majini. Usitegemee mkono wa ndoo peke yake maana hung'oka, bali zungusha kamba kwenye ndoo nzima. Ndoo itajaa maji na kuburuta kama breki, na mbele ya mtumbwi itatazama mawimbi. Sasa mna nafasi ya kufanya kazi.

Hili ni muhimu zaidi miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ambapo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kwenye Tanganyika.

Jambo la tatu ni kuangalia maji ndani ya mtumbwi. Hata kama kilichoharibika ni taa au mashine, gusa sakafu kwa mkono. Watu wamewahi kuhangaika na mashine huku maji yanapanda miguuni mwao.

Sehemu ya tatu: Mtumbwi unavuja

MTANGAZAJI: Tuanze na hesabu, ili ujue haraka inayotakiwa. Tundu lenye upana wa sentimita 2, sawa na kidole gumba, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 25 kwa dakika moja. Hilo ni zaidi ya dumu zima la maji kila dakika. Mtu mmoja mwenye kopo atachoka kabla ziwa halijachoka. Kwa hiyo wawili wafanye kazi pamoja, mmoja atoe maji bila kusimama na mwingine azibe.

Hatua ya kwanza ya kuziba ni kuinua tundu. Hamisha watu na mizigo polepole kwenda upande mwingine, ili sehemu inayovuja ipande. Tundu likipanda kutoka sentimita 30 hadi 7 hivi chini ya maji, maji yanayoingia hupungua hadi karibu nusu. Likitoka juu kabisa ya maji, umeshinda. Kama samaki mliovua ndio wazito, wamwageni. Dagaa watapatikana usiku mwingine.

Hatua ya pili inategemea aina ya tundu. Kama ni mwanya mwembamba kati ya mbao mbili, sokota kitambaa cha pamba, kipake grisi au mawese, kisha kisukume ndani ya mwanya kwa mgongo wa kisu, kidogo kidogo. Usigonge kwa nyundo. Ubao ulioanza kuoza ukigongwa hupasuka, na mwanya wa kidole unakuwa mlango. Kama ni tundu la mviringo, tengeneza kizibo kwa kipande cha kijiti kilichochongwa na kuzungushiwa kitambaa, kisha ukibonyeze kwa kuzungusha mpaka kikaze.

Kama ni tundu kubwa, usipoteze muda kulijaza vitambaa kutoka ndani, maana maji yanasukuma kuja ndani na yatavitema. Chukua kile kipande cha turubai, kifunge kamba kwenye pembe zake, kipitishe nje chini ya mtumbwi mpaka kifunike tundu, kisha kaza kamba pande zote mbili. Sasa yale maji yanayosukuma ndiyo yatakayobana turubai kwenye ubao. Maji yataendelea kuingia, lakini machache kuliko kopo lenu linavyotoa. Hilo ndilo mnalotaka.

Hatua ya tatu mnaijua. Geuzeni mtumbwi, rudini.

Na kama haikuwezekana, mtumbwi ukajaa au ukapinduka, ushikilieni. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukiwa umejaa maji, hasa ukiwa na madumu na usipokuwa na mashine nzito. Usiku pwani huonekana karibu kuliko ilivyo. Anayeuacha mtumbwi ili aogelee kufuata taa za kijiji mara nyingi huishia njiani, na wanaotafuta watu huona mtumbwi kabla ya kuona kichwa cha mtu mmoja.

(Muziki mfupi.)

Sehemu ya nne: Kasia limevunjika

MTANGAZAJI: Kasia lililovunjika litibu kama mkono uliovunjika. Lilaze vipande vyake vikipishana, vigusane kwa urefu wa mkono, kutoka kiganja hadi kiwiko. Weka vijiti viwili pembeni viwe gango. Kisha chukua mpira wa baiskeli, uvute kwa nguvu huku unazungusha. Mpira uliovutwa hujibana wenyewe kila unapozunguka, na haulegei ukilowa, tofauti na kamba nyingine. Kama huna mpira, tumia kamba, kisha pitisha kijiti katikati na kukisokota mpaka kamba ikaze.

Kama kasia limepotea kabisa, ng'oa ubao mmoja wa benchi, au tumia mfuniko wa ndoo kwa mikono. Ubao wa sakafu usiuguse kabla hujahakikisha kwamba hauzuii kitu. Na kasia la gango lisivutwe kwa pupa. Piga taratibu, karibu na mtumbwi.

Sehemu ya tano: Mashine imezima

MTANGAZAJI: Wengi wenu hamna mashine, lakini mnafanya kibarua kwa mwenye mashine. Kwa hiyo sikilizeni nyote. Mashine ikizima, usivute kamba ya kuwashia mara 30 mpaka mikono iishe nguvu. Fuata njia ya mafuta kwanza, kuanzia kwenye tangi hadi kwenye mashine.

Kwenye kifuniko cha tangi kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Ikifungwa, mashine huwaka dakika kadhaa kisha hufa, kwa sababu mafuta yanatoka na hewa haiingii. Ifungue. Angalia kama mpira wa mafuta umekunjwa au umekaliwa na mtu. Angalia kama kuna maji kwenye mafuta. Petroli huelea juu na maji hukaa chini, kwa hiyo ukihamisha mafuta, chota ya juu na uache ya chini.

Tangi likivuja tone tone, futa sehemu hiyo ikauke, kisha paka sabuni ya mche uliyoilainisha kwa vidole. Petroli haiyeyushi sabuni kwa urahisi, na kiraka hicho kinaweza kushika mpaka mwaloni. Lakini pakiwa na harufu ya petroli, pasiwe na sigara, kiberiti wala karabai karibu. Moto juu ya maji ni mbaya kuliko maji yenyewe.

Baada ya mafuta angalia plagi. Itoe, ikaushe, ikwangue masizi, kisha irudishe. Usiikaushe kwa kuichoma moto ndani ya mtumbwi wenye petroli. Kama mna plagi nzima, weka hiyo, ile ya zamani mtaisafisha nyumbani.

Kama mashine inanguruma lakini mtumbwi hauendi, huenda pini ya propela imekatika. Pini hiyo imetengenezwa laini makusudi, ili propela ikigonga jiwe au kisiki, ikatike yenyewe na kuokoa meno ya ndani ya mashine. Ndiyo maana kuweka msumari mgumu wa chuma badala yake ni hatari: ukigonga tena, msumari hautakatika, yatakatika meno, na hayo hayatengenezwi kwa sabuni. Usipokuwa na pini, tumia waya mnene wa shaba au wa alumini, na uende polepole mpaka mwaloni. Kabla ya kugusa propela, zima mashine na uchomoe waya wa plagi. Vidole havina vipuri.

Mwisho, angalia yale maji membamba yanayotoka nyuma ya mashine inapofanya kazi. Hayo ndiyo yanayoipoza. Yakikoma, zima mara moja. Huenda mfuko wa nailoni au majani yameziba pale yanapoingilia. Kwenye ziwa lenye majani mengi na mafunjo, kama Nakivale, hilo ni jambo la kawaida. Inua mashine, toa uchafu, kisha uwashe tena. Na usishuke kuusukuma mtumbwi kwa miguu kwenye mafunjo. Humo kuna viboko.

(Muziki mfupi.)

Sehemu ya sita: Taa imekufa

MTANGAZAJI: Wavuvi wa dagaa, ambao ndugu zetu Warundi na Wakongomani huwaita ndagala, hufanya kazi usiku usio na mwezi. Taa ndiyo inayowaita samaki. Lakini taa hiyo hiyo ndiyo inayowaonyesha wengine kwamba nyinyi mpo. Ikifa, mtumbwi wenu haumo tena machoni mwa boti kubwa zinazopita. Kwa hiyo ikizima, jambo la kwanza ni kuwasha tochi na kuiweka mahali pa kuonekana. Kutengeneza taa kunafuata.

Karabai ikikosa nguvu ya upepo, mara nyingi kile kipande cha ngozi ndani ya pampu kimekauka. Chomoa pampu, kitie tone la mafuta, kikunje kwa vidole kilainike, kisha rudisha. Usimimine mafuta kwenye karabai ikiwa bado ya moto.

Siku hizi wengi wanatumia taa za betri. Zikififia, angalia vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, ukwangue kwa kisu, kaza waya, na uhakikishe waya mbili hazigusani. Unga huo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kujifuta uso. Betri ikilowa maji, ifute na uiweke juu. Ikiwa waya zimelowa na zinatoa cheche, zitoe kwenye betri na uache. Usiku huo kazi imekwisha.

Sehemu ya saba: Wavu umechanika, au umenasa

MTANGAZAJI: Wavu ukinasa kwenye jiwe au kisiki, usiuvute kwa mashine. Utachana wavu au utauzamisha mtumbwi kwa nyuma. Rudi juu ya mahali uliponasa, pita upande wa pili, na uvute kwenda juu, si kwenda pembeni. Mara nyingi huachia. Usizungushe kamba ya wavu mkononi wala kwenye mguu. Upepo ukizidi na wavu ukawa unavuta mtumbwi, kata. Najua bei ya wavu, na najua huenda si wako. Lakini hakuna wavu uliowahi kumlea mtoto yatima.

Tundu la wavu usilishone kwa fundo za kawaida usiku. Likusanye kama mdomo wa gunia, ulifunge kwa uzi mmoja, basi. Asubuhi utalifungua, utakata nyuzi zilizoharibika, na kushona upya jicho kwa jicho. Vyelezo vikipotea, chupa za plastiki zilizofungwa vizuri au vipande vya kandambili za zamani hufanya kazi. Uzito wa chini ukipotea, funga mawe madogo kwenye kitambaa.

Hapa kuna jambo moja ambalo hatutalipita. Usitie kiraka cha chandarua kwenye wavu, wala usivue kwa chandarua. Tunajua kwa nini watu hufanya hivyo: chandarua kilitolewa bure na wavu unauzwa. Lakini angalia gharama yake. Macho yake ni madogo mno, yanazoa vifaranga ambao wangekuwa samaki wa mwaka ujao. Dawa iliyomo ni sumu kwa samaki. Sheria za uvuvi huzuia nyavu za namna hiyo, na mgeni akikamatwa nazo huwaponza wageni wote. Na mtoto aliyekuwa analala chini ya chandarua hicho leo usiku analala na mbu.

(Muziki mfupi.)

Sehemu ya nane: Ukifika, sema

MTANGAZAJI: Sasa tumefika kwenye jambo ambalo lilitufanya tuandae kipindi hiki. Mtumbwi umerudi. Kitambaa kimeshika, kasia limeshika, mashine imewaka. Mwenye mtumbwi yuko mwaloni anahesabu samaki. Je, utamwambia?

Mkimbizi anayefanya kibarua ana sababu nyingi za kunyamaza. Anaogopa kukatwa fungu lake. Anaogopa kuambiwa amevunja makusudi. Anaogopa kwamba kesho nafasi yake itapewa mwingine. Kwa hiyo anafunika kitambaa kwa matope kidogo, anakwenda zake. Jioni watu wengine wanaingia kwenye mtumbwi ule ule. Hawajui kwamba ubao wa kushoto umezibwa kwa shati. Hawakuja na turubai. Wanakwenda mbali kuliko mlivyokwenda nyinyi.

Kiraka kinachojulikana ni msaada. Kiraka kilichofichwa ni mtego. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa usiosemwa hakuna atakayeuziba.

Fanyeni hivi. Kwanza, kila mahali palipotengenezwa majini, fungeni kitambaa chekundu au cha rangi inayoonekana. Kisitolewe mpaka fundi awe amepatengeneza. Hata asiyejua lugha yenu ataelewa. Pili, msiende peke yenu kumwambia mwenye mtumbwi. Nendeni wote mliokuwa ndani, mseme maneno yale yale: kilichovunjika, saa, na mlichofanya. Tatu, kabla ya kuanza kibarua, kubalianeni mbele ya shahidi nani analipia kitu kikivunjika bila uzembe wa mtu. Kiongozi wa mwalo anaweza kuwa shahidi. Makubaliano ya mdomo mbele ya shahidi ni bora kuliko ugomvi baada ya ajali.

Nawe mwenye mtumbwi unayetusikiliza, neno moja kwako. Ukimkata fungu kila anayekuletea habari mbaya, utabaki na watu wanaokuletea habari nzuri tu, mpaka siku watakapokuja bila mtumbwi.

Kwa matengenezo ya kweli, chagueni wakati. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mwezi mpevu. Hizo ni siku za kuanika mtumbwi, kung'oa vitambaa vya dharura, kubadilisha ubao na kupaka lami. Kwenye Ziwa Tanganyika kuna pia nyakati za kulipumzisha ziwa. Tanzania, kwa mfano, ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Miezi kama hiyo ni migumu kwa sahani ya nyumbani, lakini ndiyo miezi ambayo mtumbwi unakauka vya kutosha kutengenezwa.

Sehemu ya mwisho: Turudie pamoja

MTANGAZAJI: Msikilizaji, tumesema mengi, kwa hiyo tushike manne.

Moja: kitu kikiharibika, ketini, hesabuni watu, elekezeni mtumbwi kwenye mawimbi, kisha angalieni maji ya ndani.

Mbili: tundu liinue kwanza, ndipo ulizibe. Tundu kubwa lifunike kutoka nje.

Tatu: mkishatengeneza, geuzeni. Matengenezo ya majini ni ya kurudi.

Nne: mkifika, semeni, na mfunge kitambaa chekundu.

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji. La kwanza: katika mtumbwi mnaotumia au mliowahi kutumia, ni vitu gani vya mkebe vilikuwepo na vipi havikuwepo? La pili: mwaloni kwenu, mtu akisema kwamba ameharibu kitu, hutendewaje? Kifanyike nini ili asiogope? La tatu: mama au ndugu anayebaki nyumbani, unajua mvuvi wako amekwenda upande gani usiku wa leo? Nani utamwambia asiporudi?

Kabla ya kuondoka hapa, kila mvuvi amwonyeshe jirani yake jinsi ya kufunga gango kwenye kijiti kwa mpira wa baiskeli. Fanyeni macho yakiwa yamefumbwa. Usiku ziwani itakuwa hivyo hivyo.

Hadi kipindi kijacho, tuwatakie usiku wa amani, wa nchi kavu na wa majini.

(Muziki wa kufungia kipindi. Unapanda, kisha unafifia.)